Daftari la Viti

Mia nne na ishirini vilitoka Ijumaa,
vyeupe, vya plastiki, chini ya kila kimoja
namba ya rangi nyekundu kwa mkono wangu.
Nimeandika: Harusi ya Nyamizi binti Kapela,
ukumbini Isevya. Nusu kabla, nusu baada ya keki.

Wiki ile redio ilikuwa ikitaja vifua.
Sisi mtaani tulishaupa ugonjwa jina la adabu,
changamoto ya kupumua,
kama mgeni unayemwita kwa cheo
ili asikae sana.

Nesi Skolastika alikuja kikao cha mwisho cha kamati
na sare yake, viatu vina vumbi la njia ya Kitete.
Akasema: alikeni hamsini,
wengine wapelekeeni pilau majumbani.
Mwekahazina akafungua orodha ya michango,
akaisoma kwa sauti, jina kwa jina,
mpaka nesi akainamisha uso
utadhani yeye ndiye mdaiwa.
"Huyu aliyetoa laki naye tumpelekee bakuli?"
Mwenyekiti akafunga: "Shughuli ni watu."
Tukacheka.
Mimi nilicheka kuliko wote,
maana watu hamsini ni viti hamsini,
na mwanangu alikuwa akidaiwa ada Urambo.

Mlangoni paliwekwa ndoo ya koki na kipande cha sabuni.
Saa mbili usiku maji yalikwisha.
Sabuni ilibaki, imekauka,
ina alama ya kidole kimoja.

Nilisimama nyuma. Kazi yangu kuhesabu migongo.
Mashangazi wa Sikonge walimzunguka bibi harusi,
vigelegele vikimpiga usoni kama manyunyu.
Shemeji aliyeshuka kwenye treni ya Dar
alikohoa ndani ya leso mpya, akasema ni vumbi la behewa.
Tukampa pole ya vumbi.
Keki ilikwenda kwa uma mmoja,
mama mkwe, baba mkwe, babu asiye na meno,
na mshereheshaji akipiga kelele:
"Jirani yako hujamshika mkono? Basi mkumbatie!"

Na ilipendeza. Hilo lazima niliseme.
Mzee Kapela, mstari wa mbele, kiti namba kumi na saba,
alilia kilio cha baba anayetoa binti,
na kila aliyepita kutunza
alimfuta machozi kwa kiganja.

Jumapili vilirudi mia nne kumi na tisa.
Nilikisaka hicho kimoja kwa hasira,
nikapiga simu tatu, ya tatu nikatukana.

Siku ya tisa simu ikanipigia yenyewe.
"Tunaomba viti." Vingapi? "Hata sitini."
Alikuwa Mzee Kapela.
Siku ya kumi na mbili, pikapu kutoka Sikonge.
Halafu mwekahazina:
yule mwenye orodha ya majina mia tatu
alisindikizwa na watu kumi na mmoja,
na hao walisimama.
Viti vyangu vilikaa juani, vimepangwa, vitupu.

Mtaa mzima ulinuka mikaratusi na malimao,
watu ndani ya mablanketi wakijifukiza.
Sikutoza misiba ile.
Msinisifu. Fedha ya harusi nilikuwa nimeshaila.
Niliosha viti kwa jiki hadi viganja vikachubuka.
Nesi alipita na baiskeli, akanitazama,
akasema habari za kazi.
Angenitukana ningelala.

Arobaini ilipokaribia nilikwenda kwa Kapela kuhani tena.
Uani, kando ya karo, Nyamizi ameketi,
hina ya harusi imebaki kwenye ncha za kucha tu.
Akainuka kunipisha.
"Baba alikipenda, tukakisahau kukirudisha.
Mwishoni alishindwa kulala chali.
Alikaa hapa usiku nne,
akivuta hewa kama anavuta ndoo kisimani
na kamba ni fupi."

Nilikigeuza. Kumi na saba.
Nikakirudisha chini polepole, miguu yote minne.

Usiku nikafungua daftari.
Penye namba hiyo nikaandika: kimerudi.